Kiswahili cha Njiani: Wasafiri, Wapagazi na Miji ya Kikoloni ya Mlima Kenya

UTANGULIZI

Githongo ni soko la Imenti ya Kati, lililo kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Juu yake kuna chai, chini yake kuna kahawa, na nyumbani watu husema Kimeru. Mtoto anayekulia huko hukutana na Kiswahili katika mahali pawili pasipofanana. Hukisikia kwanza sokoni, katika magari ya abiria na mbele ya ofisi ya chifu; baadaye hufundishwa kingine darasani, chenye ngeli, methali na mashairi. Kile cha kwanza huitwa Kiswahili cha bara, na mara nyingi huitwa Kiswahili kibovu. Miongoni mwa wanaokiita hivyo wamo wale wale wanaokisema.

Maelezo yanayotolewa juu ya ubovu huo ni mepesi: inasemekana kwamba lugha ya mama ndiyo inayoiharibu lugha ya taifa. Maelezo hayo yamekaririwa mno hata yakageuka kuwa hukumu. Mwanafunzi wa Meru au wa Embu aweza kuingia katika chumba cha mtihani akiwa ameshaamini kwamba ulimi wake una kasoro aliyozaliwa nayo. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba Kiswahili cha mlimani kiliumbwa na safari. Kilifika pamoja na watu waliokuwa njiani, kikatua katika miji midogo ya kikoloni ambayo watawala wake walikuja na kuondoka, kikafundishwa na wanafunzi kwa wanafunzi wenzao. Lugha inayojifunzwa njiani huchukua yale yanayohitajiwa na safari, na kuyaacha mengine yote nyuma.

LUGHA ILIYOPANDA NA MISAFARA

Vitabu vya kwanza vya sarufi ya Kiswahili viliandikwa na watu waliokaa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaishi Rabai, na mwaka 1850 akatoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1870. Watu hao walikuwa wageni, lakini waliketi miongoni mwa wenye lugha, wakauliza, wakasahihishwa. Krapf huyo huyo aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui mwezi Desemba 1849, lakini hakuufikia. Alirudi pwani, na kwa miaka mingi baada yake mlima na sarufi vilibaki mbalimbali.

Waliofika mlimani walikuwa watu wa namna nyingine. Hesabu Samuel Teleki wa Hungaria, akifuatana na Ludwig von Höhnel, aliufikia mlima mwaka 1887. William Astor Chanler na mwindaji wa ndovu Arthur Neumann walipita katika nchi ya milima ya Nyambene katika miaka ya 1890. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, mwezi Septemba 1899. Wote hao walisafiri na wapagazi, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili.

Hapana budi kutazama kwa makini ni Kiswahili cha nani. Wapagazi walioitwa Wazanzibari hawakuwa wote watu wa Unguja kwa asili. Walikuwamo Wanyamwezi, Wayao na wengine waliokuwa wamejifunza Kiswahili ukubwani, katika safari zilizotangulia au katika utumwa. Mzungu alijifunza kutoka kwa mpagazi, na mpagazi mwenyewe alikuwa amejifunza. Mwenyeji wa mlimani aliyeleta viazi na maharage kambini akayashika maneno machache kutoka kwa wote wawili. Maneno hayo yalikuwa ya mizigo, maji, chakula, bei, mbele na nyuma, simama na twende. Msafara haukuhitaji salamu ndefu wala mafumbo. Haukuhitaji hata wakati uliopita, kwa kuwa msafara huishi katika leo na kesho.

BOMA NA MJI

Baada ya misafara ilikuja serikali. Boma la Nyeri liliwekwa mwaka 1902, baada ya Waingereza kupigana na watu wa Tetu. Boma la Embu liliwekwa mwaka 1906, baada ya vita vya mwaka huo huo. Boma la Meru lilianzishwa mwaka 1908 chini ya E. B. Horne. Hivyo ndivyo ilivyofungwa pete ya miji ya kikoloni kuuzunguka mlima, na baadaye Nanyuki ikawa mji wa walowezi upande wa magharibi.

Wameru walimpa Horne jina la Kangangi, nalo hufasiriwa kuwa ni mtu mdogo azungukaye huku na huko. Jina hilo linastahili kuzingatiwa na mwanalugha. Kiambishi chake cha mwanzo, ka-, ni cha ngeli ya udogo, ambayo ni hai katika Kimeru, Kiembu na Kigikuyu. Kwa neno moja wenyeji walimpima mtawala wao kwa ukubwa wake na kwa mwenendo wake: mdogo, tena hatulii. Mtawala huenda alijiona kuwa amekuja kukaa. Wenyeji walimwona kuwa ni mpita njia.

Nao hawakukosea, kwa maana utawala wenyewe uliendeshwa kwa uhamisho. Ofisa alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ili athibitishwe kazini, na Kiswahili kilimfaa Embu, Kisumu na Lamu sawasawa. Kimeru kingemfaa Meru peke yake, na kabla hajakishika angeweza kuhamishwa. Katika baraza, basi, ofisa alisema Kiswahili, na mkalimani akakigeuza kuwa Kimeru au Kiembu. Mkalimani alikuwa mtu mwenye nguvu kwa sababu alisimama kati ya watu wawili ambao kila mmoja alijua nusu tu ya yaliyosemwa.

Wako wachache waliofanya zaidi ya hayo. Hildegarde Hinde, mke wa ofisa wa serikali, alikusanya msamiati wa Kikamba na Kigikuyu uliochapishwa mwaka 1904. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1940, aliandika juu ya mila na umiliki wa ardhi wa watu wa mlimani. Katika miaka ya 1950 huyo huyo alitoa vitabu juu ya lahaja za pwani, vikiwamo vya Kivumba, Chichifundi, na Chijomvu pamoja na Kingare. Mfano wa Lambert una maana kubwa. Aliyekaa mlimani akasikiliza kwa makini ndiye aliyeweza pia kusikiliza pwani kwa makini. Lakini Lambert hakuwa ndiye kawaida.

WALIOKAA: MISIONI NA LUGHA YA NYUMBANI

Walioamua kukaa walikuwa wamisionari, nao walichagua lugha nyingine. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata, waliotoka Torino nchini Italia, walifika katika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902 na Meru mwaka 1911. Wamethodisti walianza kazi yao Meru mwaka 1912. Daktari Arthur Irvine wa misioni ya Kiskoti alifika Chogoria mwaka 1922. Hao walijua kwamba mtu haungami dhambi zake wala haelezi ugonjwa wake kwa lugha ya sokoni. Walijifunza Kimeru, au walianza na Kigikuyu kisha wakakiendea Kimeru. Agano Jipya la Kimeru lilitoka mwaka 1952, na Biblia nzima mwaka 1964.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa kazi kati ya lugha. Mungu alisema Kimeru, serikali ikasema Kiswahili. Mgawanyo huo umeacha alama katika msamiati. Katika Kigikuyu, jirani wa karibu wa Kimeru, maneno ya Kiswahili yaliyoingia zamani na kukubalika kabisa ni kama haya: thirikari, yaani serikali, thigari, yaani askari, mbarũa, yaani barua, mbeca, yaani pesa, na njera, yaani jela. Ukiyapanga maneno hayo matano utapata historia nzima ya boma: amri, bunduki, karatasi, kodi na kifungo. Lugha iliyofika mlangoni ikiwa na mzigo wa namna hiyo haiwezi kulaumiwa peke yake kwa kutopendwa, wala mwenye mlango hawezi kulaumiwa kwa kutoikaribisha ndani.

KISETLA NA MADAI YA LUGHA YA MAMA

Wakati huo huo upande wa magharibi wa mlima, katika mashamba ya Nanyuki na Laikipia, Kiswahili cha safari kilipata umbo lililo thabiti zaidi. Mlowezi alihitaji lugha ya kuwaamuru wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali. Lugha hiyo ikaja kuitwa Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara, nacho kilitaja wazi kwamba ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Orodha hiyo ya wasomaji inajieleza yenyewe. Hakuna kati yao aliyetarajiwa kutunga shairi au kupatanisha wagomvi kwa Kiswahili.

Sifa za Kisetla zinajulikana. Upatanisho wa ngeli hupotea, ikasemwa "ile mtu" na "kitabu yangu". Vikanushi vya vitenzi huachwa, na neno "hapana" hufanya kazi yao yote, kama katika "mimi hapana jua". Neno "iko" hushika nafasi ya vitenzi vingi vya kuwa na kuwako. Kitenzi husimama katika umbo la amri au karibu nalo.

Hapa ndipo madai ya lugha ya mama yanapoweza kupimwa. Kama ubovu wa Kiswahili cha bara ungetokana na Kimeru, basi ingelazimu Kimeru nacho kiwe lugha isiyo na ngeli wala upatanisho. Kinyume chake ndio ukweli. Kimeru ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kamili: muntu na antu, muti na miti, kaana na twana. Upatanisho wake hauachi kivumishi wala kitenzi, na vitenzi vyake vina njeo na vikanushi vingi kama vya Kiswahili. Mtoto wa miaka minne wa Githongo hupatanisha ngeli za lugha yake bila kufundishwa na mtu. Aliyekosa ngeli katika lugha yake ya nyumbani ni Mwingereza.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza hoja hii kuwa lawama mpya kwa upande mmoja. Lugha za nyumbani zina athari zake. Kubadilishana kwa r na l katika midomo ya watu wengi wa mlimani kunatokana na lugha zao, na hali kadhalika matumizi ya ka- na tu- kwa udogo, ambayo yameenea katika Kiswahili cha Nairobi na bara ya Kenya: "katoto", "tutoto". Lakini athari hizo ni za kuongeza na kubadilisha. Hazielezi upungufu. Upungufu ulitoka njiani, kwa mtu aliyejifunza Kiswahili ili atoe amri, na kwa mtu aliyelazimika kukijifunza ili aielewe amri hiyo. Aliyeamriwa hakuwa na njia ya kujua kwamba lugha aliyopewa ilikuwa imekatwa viungo. Huenda alidhani ndivyo ilivyo.

NJIA YA WENYEJI

Wenyeji nao walisafiri. Katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa mwaka 1917, vijana wengi wa Kenya walikusanywa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya Tanganyika. Jina la jeshi hilo la wapagazi limebaki katika mtaa wa Kariokor, Nairobi. Lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, na wengi hawakurudi. Waliorudi walirudi nacho. Waliofuata walikipata katika kikosi cha King's African Rifles, katika mashamba ya walowezi, katika reli na katika jela. Karibu kila mwanamume wa mlimani aliyejua Kiswahili kabla ya mwaka 1950 alikuwa amekipata akiwa mbali na nyumbani, na chini ya mkubwa fulani. Wanawake wengi, ambao hawakupelekwa mbali, hawakukipata. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa maana iliyo wazi kabisa: mama hakuwa nacho cha kumpa mtoto.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo mambo yalikuwa tofauti. Kando ya kila boma palizuka kijiji cha Waislamu: wafanyabiashara wa pwani, askari wastaafu, wake zao wenyeji, na watoto wao. Vitongoji vya Majengo katika Nanyuki na Embu, na vya Mjini na Majengo katika Meru, bado vinayabeba majina hayo. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya chuo cha Kurani, ya harusi, ya matanga na ya ugomvi wa jirani. Kilitumika kubembeleza na kuomba radhi. Wazazi wa watoto wa Majengo walikuwa mara nyingi Wameru, Waembu au Wagikuyu upande wa mama, na hilo halikuwazuia watoto kukisema Kiswahili kwa ukamilifu. Ushahidi huu una uzito kuliko mwingine wote. Damu ilikuwa ile ile na mlima ule ule. Kilichobadilika ni kwamba hapo lugha ilitua mzigo, ikakaa.

MILIMA MINGINE

Hali hii yaweza kulinganishwa na ya miji ya milimani ya Amerika iliyotawaliwa na Wahispania. Leo wageni wengi huenda Antigua ya Guatemala, San Cristóbal ya kusini mwa Meksiko na Cusco ya Peru, iliyo juu kiasi cha mita 3,400, ili wasafiri na wakati huo huo wajifunze Kihispania. Huko nako misioni ilijifunza lugha za wenyeji. Domingo de Santo Tomás alichapisha sarufi ya Kikechua mwaka 1560, na katekisimu iliyopigwa chapa Lima mwaka 1584 ilitoka kwa Kihispania, Kikechua na Kiaimara. Serikali ilielekea kwingine: mwaka 1770 Mfalme Carlos III aliamuru Kihispania kienezwe ili lugha za wenyeji zitoweke.

Huko pia msemaji wa mlimani huchekwa. Kikechua kina irabu tatu, na msemaji wake anapochanganya i na e, au o na u, katika Kihispania, hudharauliwa mjini. Lakini kuna tofauti mbili zinazofundisha. Kwanza, kasoro hiyo kweli yatokana na lugha ya nyumbani, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya kupotea kwa ngeli katika Kiswahili cha bara. Pili, Kihispania kilifika Cusco pamoja na wenyewe, wakajenga, wakazaa, wakazikwa huko. Katika Mlima Kenya lugha ya utawala haikuwa ya mtawala wala ya mtawaliwa. Wote wawili walikuwa wanafunzi wake, na wenyewe walikuwa mbali, pwani, au wachache tu, huko Majengo.

Tofauti hiyo ya pili ni hasara, na pia ni heri. Peru ilipoifanya Kikechua kuwa lugha rasmi mwaka 1975, ilibidi ishindane na lugha ya mshindi wa kale. Kenya ilipokichagua Kiswahili, ilichagua lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kimeru, ambayo kosa lake pekee mlimani lilikuwa kufika katika mkono wa mtu mwingine.

SHULE NA DENI LAKE

Shule ingeweza kurekebisha kilichoharibiwa na njia, lakini ilichelewa. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 iliona kwamba kuwafundisha Kiswahili watoto waliokwisha anza kwa lugha zao ni kupoteza wakati na nguvu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kinyume chake, lakini somo hilo lilikaa miaka mingi bila mtihani wa lazima katika shule za msingi. Ni kwa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 baada ya ripoti ya Mackay ya mwaka 1981, ndipo Kiswahili kilipolazimishwa na kutahiniwa nchini kote. Katiba ya mwaka 2010 ilikithibitisha kuwa lugha ya taifa na kukifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Kwa hiyo babu alijifunza Kiswahili Tanganyika chini ya mzigo, baba akakipata shambani kwa mlowezi, na mtoto ndiye wa kwanza kukipata kwa mwalimu. Mwalimu huyo akimwambia mtoto kwamba Kimeru ndicho kinachomharibia, anamnyang'anya chombo kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Ngeli za Kiswahili zingefundishwa Githongo kwa kuanzia na ngeli ambazo mtoto anazo tayari: muntu kwa mtu, antu kwa watu, miti kwa miti. Angegundua kwamba anarudi mahali anapopajua.

HITIMISHO

Historia ya Kiswahili pembezoni mwa Mlima Kenya yaonyesha kwamba lugha hufuata namna ya safari iliyoileta. Msafara ulileta majina ya mizigo, boma likaleta amri, shamba likaleta "hapana" na "iko". Kinachoitwa ubovu wa Kiswahili cha bara, kwa sehemu yake kubwa, ni kumbukumbu ya mikutano hiyo, iliyohifadhiwa midomoni mwa watu ambao hawakuulizwa kama wangependa kuihifadhi. Kumlaumu mjukuu wa mpagazi kwa Kiswahili cha msafara ni kumlipisha ushuru wa safari ambayo babu yake hakuichagua. Wameru walimwita mtawala wao Kangangi, azungukaye. Kazi iliyobaki ni kuipokea lugha aliyopita nayo, kuitua mizigo yake, na kuipa kigoda iketi.